Neno "Tai": Kitambaa cha Shingoni, Ndege wa Kucha na Kazi ya Mhakiki

Mwalimu mwenzangu, yapo maneno mafupi ambayo tunayapita kwa haraka darasani kwa sababu kila mwanafunzi anadhani anayajua. Neno "tai" ni mojawapo. Mwanafunzi huivaa shingoni kila asubuhi, humwona baba au mwalimu mkuu akiivaa, na akiikuta katika riwaya au hadithi fupi haoni cha kusimama nacho. Ni kitambaa tu. Hata hivyo, neno hili lenye herufi tatu limejaa maana ambazo Kiingereza, lugha tuliyolitoa, hakinazo, na papo hapo limekosa maana nyingi ambazo Kiingereza kinazo. Mtahiniwa asiyelijua jambo hili hupoteza alama katika karatasi ya lugha, na katika karatasi ya fasihi hupoteza zaidi, kwa kuwa humsomea mwandishi maana asiyoikusudia.

Tuanze na sauti. Maneno mengi ya mavazi yaliyotoka Kiingereza yalitoholewa kwa kuongezewa irabu mwishoni ili yaafiki silabi za Kiswahili: shati, koti, suti, sketi. Neno la Kiingereza "tie" halikuhitaji marekebisho hayo kwa sababu tayari linaishia kwa sauti ya irabu. Liliingia kama lilivyo, nalo likamkuta mwenyeji. Kiswahili kilikuwa na tai wake tangu zamani, yaani yule ndege mkubwa mwenye mdomo uliopinda na kucha kali. (Wapo wanaomtenga na tumbusi, mla mizoga, na wapo wanaowachanganya wawili hao, msomaji wa fasihi na azingatie jinsi mwandishi mwenyewe anavyomchora.) Ndiyo maana leo tuna maneno mawili yasiyo na ukoo wowote kimaana lakini yanaandikwa na kutamkwa sawasawa. Wanaisimu huyaita homonimu. Katika vitabu vyetu vya shule aghalabu hutajwa chini ya kichwa cha vitawe, na mtahini hupenda kuuliza: tunga sentensi mbili kubainisha maana tofauti za neno hilo.

Kwa matamshi, msisitizie mwanafunzi kwamba Kiswahili kina silabi mbili hapa, ta-i, wala si moja kama katika Kiingereza. Jambo hili laweza kuonekana dogo hadi tufike kwenye ushairi. Tazama kipande hiki nilichokitunga kwa ajili ya somo hili: "Tai shingoni kavaa". Ukihesabu mizani utapata ta-i-shi-ngo-ni-ka-va-a, jumla yake minane, kipande kamili cha shairi la arudhi. Mwanafunzi anayesoma "tai" kwa ulimi wa Kiingereza, kisha akaimeza irabu ya mwisho ya "kavaa", atapata mizani sita na kumshutumu mshairi kwa kukiuka sheria. Mshairi hakukiuka lolote.

Sasa tuje kwenye maana. Katika Kiingereza, "tie" kabla ya kuwa vazi ni kitenzi cha kufunga kwa kamba, uzi au utepe. Vazi lilipata jina kutokana na tendo la kulifunga shingoni. Kutokana na tendo hilohilo yalizaliwa matumizi mengine mengi: uhusiano wa kindugu, ndoa, mtu aliyezongwa na shughuli, timu mbili zilizotoshana nguvu, hata yale magogo yanayolalia chini ya reli, kama wanavyoyaita Wamarekani. Kiswahili kiliazima vazi peke yake. Kitenzi kiliachwa bandarini, kwani hatukuwa na haja nacho. Tulikuwa na "funga", kitenzi chenye uwezo mkubwa kuliko hicho cha Waingereza. Ushahidi ni kwamba ilitubidi tuseme "kufunga tai". Mwingereza akisema hivyo kwa lugha yake hurudia neno moja mara mbili. Sisi haturudii chochote, kwa kuwa masikioni mwetu "tai" haina dokezo lolote la kufunga.

Hapa ndipo wanafunzi wetu huteleza. Mtoto aliyezoea kufikiri kwa Kiingereza akitaka kusema kwamba ana shughuli nyingi mjini Nakuru huandika katika insha yake, "Nimefungwa Nakuru". Mwalimu anayesahihisha anaelewa kwamba mwandishi yuko gerezani! Alipaswa kusema amezongwa na kazi, au ametingwa. Vivyo hivyo mahusiano ya kifamilia hayana "tai" katika Kiswahili. Yana mafungamano, nasaba, udugu wa damu. Wanaooana hufunga ndoa, au hufunga pingu za maisha, msemo ambao ukiutazama kwa makini unatisha kidogo. Magogo ya reli ni mataruma. Na usemi wa Kiingereza unaotumia tai ya shule kueleza jinsi waliosoma pamoja katika shule za kifahari wanavyopeana vyeo, ukitafsiriwa neno kwa neno hutuachia kitambaa kikuukuu tu. Kitu chenyewe Wakenya wanakijua vizuri na wana jina lake: kujuana.

Matumizi ya michezo yanastahili aya yake, kwa sababu yana sadfa ya kufurahisha. Mwingereza akitaka kusema timu zimetoshana nguvu anaweza kutumia neno ambalo pia ni jina la vazi. Sisi nasi tunafanya hivyo, ila kwa vazi tofauti: timu zimetoka sare, na wanafunzi wamevaa sare. Kiingereza kilifika hapo kwa njia ya kufunga, Kiswahili kwa njia ya kufanana. Zaidi ya hayo, katika kandanda yetu "kufunga" ni kutia bao wavuni. Timu zikifungana mabao mawili kwa mawili zimetoka sare; zikikosa kufungana kabisa, watangazaji husema ni sare tasa. Mwanafunzi anayetafsiri moja kwa moja kutoka Kiingereza kwamba "timu zilifungwa" ametangaza kuwa zote mbili zilishindwa, tena katika mchuano mmoja.

Kama "tai" haikuleta maana ya kufunga, ilileta nini basi? Ililetwa shingoni mwa watu fulani. Kihistoria kitambaa hiki kilipata umaarufu Ulaya katika karne ya 17, Wafaransa walipovutiwa na vitambaa vya shingoni vya askari wa Kikroeshia. Hata jina la Kifaransa la vazi hilo lilitokana na jina la watu hao. Vazi la askari liligeuka vazi la mabwana. Afrika Mashariki lilipofika likiwa limekwisha kuwa vazi la bwana mkubwa, la karani, la mwalimu, la mhubiri. Kwa hiyo katika Kiswahili cha kila siku "kazi ya suti na tai" ni kazi ya ofisini, iliyo kinyume cha kazi ya jembe, mtaimbo au gereji. Mzazi anayesema anataka kumwona mwanawe amefunga tai hazungumzii mavazi. Anazungumzia mshahara wa mwisho wa mwezi.

Ndiyo maana mhusika wa fasihi anapovalishwa tai, mhakiki anapaswa kuuliza maswali matatu: ni ya nani, imefungwaje, na wapi? Mwandishi hodari hachoki kutumia vitendo vinavyoizunguka: kuikaza mbele ya mkubwa, kuilegeza baada ya aibu, kuivua na kuitia mfukoni wakati wa kuingia mtaa wa mabanda, kuisahau nyumbani siku ya usaili. Kila kitendo hapa ni kauli juu ya uhusika. Mwanafunzi anayeandika tu kwamba "mhusika anapenda mavazi ya kisasa" ameona kitambaa lakini hakuiona shingo.

Swali la "wapi" lisichukuliwe kimzaha. Katika utenzi wa Okot p'Bitek uliochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1966, na ambao Paul Sozigwa aliutafsiri kwa Kiswahili kama Wimbo wa Lawino, msimulizi anawacheka wanaume wasomi wanaovaa suti nzito, soksi za sufi na tai katikati ya kiangazi. Kwake tai ni ishara ya mtu aliyejikana. Nchini Zaire, chini ya Mobutu, mambo yaligeuzwa na serikali yenyewe. Tangu miaka ya mwanzo ya 1970 suti na tai za kizungu zilipigwa marufuku na mahali pake pakachukuliwa na koti la kola maalumu lililoitwa "abacost", jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kifaransa yenye maana ya "chini suti". Watu waliruhusiwa tena kuvaa tai Aprili 1990, katika hotuba ileile ambayo Mobutu alitangaza mwisho wa mfumo wa chama kimoja. Fikiria basi hadithi mbili, mojawapo ikitokea Kinshasa mwaka 1975 na nyingine Nairobi mwaka huohuo, na katika kila hadithi kuna afisa asiyevaa tai. Wa Kinshasa ni mtiifu kwa dola. Wa Nairobi huenda ni mkaidi, au masikini, au ametoka tu kufutwa kazi.

Na hapa kwetu mjadala haujazeeka. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku kaunda suti na mavazi ya kiasili bungeni, akashikilia kwamba mwanamume anapaswa kuvaa koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Wakati huo Rais William Ruto alikuwa akionekana mara kwa mara katika kaunda suti hizohizo. Mwalimu anayefundisha kinaya hana haja ya kutafuta mfano mbali.

Turudi sasa kwenye yule ndege, maana hazina iko kwake. Maneno haya mawili yanafanana kila kitu isipokuwa ngeli. Ndege yumo katika ngeli ya A-WA: tai huyu, tai hawa, tai wangu amepaa. Kitambaa kimo katika ngeli ya I-ZI: tai hii, tai hizi, tai yangu imepasuka. Katika sentensi ya Kiswahili basi, upatanisho wa kisarufi ndio unaoamua kama tunasoma juu ya kitambaa au juu ya ndege wa kucha. Linganisha:

Tai ilimkaa shingoni.
Tai alimkaa shingoni.

Irabu moja tu imebadilika. Katika sentensi ya kwanza kuna bwana aliyevaa akapendeza. Katika ya pili kuna mtu anayeraruliwa, au anayesubiriwa afe. Hakuna mwandishi wa Kiingereza anayeweza kupata athari hiyo kwa irabu moja, kwa sababu lugha yake haina ngeli na ndege wake ana jina jingine. Hii ni mali yetu, na inasikitisha kwamba tunaifundisha kama sheria ya kukariri katika kipindi cha sarufi, kisha tunaisahau tunapofungua kitabu cha hadithi.

Soma kifungu hiki, ambacho pia nimekitunga:

"Mkurugenzi aliingia akikaza tai. Tai ile nyekundu ilikuwa imeshiba. Ilijilaza juu ya kitambi kama iliyomaliza kula. Karani aliishika yake, nyembamba, iliyofifia kwa kufuliwa. 'Tai wangu hajala tangu Jumatatu,' alijisemea moyoni, akainamia faili."

Mwanafunzi wa kawaida akiulizwa ataje tamathali ataandika "tashihisi" na "tashbihi", atoe mfano, apumzike. Si makosa, tai iliyoshiba na kujilaza imepewa sifa za kiumbe, na neno "kama" liko wazi. Lakini tazama upatanisho. Katika kifungu chote tai ni kitambaa: "ile", "ilikuwa imeshiba", "yake", "iliyofifia". Hata inaposhiba inabaki katika ngeli ya I-ZI. Kisha karani anapojisemea, ghafla tunasikia "wangu hajala". Ngeli imebadilika. Karani amemtambua ndege aliyejificha ndani ya kitambaa, na kwa kumtambua wake akiwa na njaa ametufichulia pia tai nyekundu ya mkurugenzi ni nani hasa na imeshibia nini. Unyonyaji haujatajwa popote, ila umo ndani ya kiambishi.

Kuna hatari mbili katika kusoma kifungu cha aina hii. Ya kwanza ni ya mwanafunzi anayejua sarufi peke yake: atasema mwandishi amekosea upatanisho, na pengine atasahihisha kwa kalamu ya risasi pembeni iwe "tai yangu haijala". Akifanya hivyo ameua sentensi. Ya pili ni ya mwanafunzi aliyechangamka kupita kiasi, ambaye baada ya somo hili ataanza kumwona ndege katika kila shingo iliyovaa tai. Mhusika akitajwa kwamba alinunua tai ya buluu sokoni Gikomba, huyu atatuandikia aya nzima juu ya ubeberu. Wa pili namvumilia zaidi kuliko wa kwanza, lakini wote wawili wanahitaji kuambiwa kitu kimoja: onyesha neno au kiambishi katika matini kinachokuruhusu kusema hivyo. Ndege haji bila kuitwa. Ataitwa kwa upatanisho, au kwa msamiati wa jirani kama kucha, mdomo, mabawa, mzoga, kutua, kurarua.

Hali kadhalika jazanda ya kitanzi. Waandishi wengi huvutiwa na ukaribu wa tai na kitanzi, kwani vyote viwili ni fundo shingoni. Mtahiniwa akitaka kusema tai inaashiria utumwa wa ajira, asijitetee kwa hoja kwamba neno hilo kwa Kiingereza lina maana ya kufunga. Mhusika hasemi Kiingereza. Matini ni ya Kiswahili. Ajitetee kwa fundo, kwa shingo, kwa pumzi inayokatika, ikiwa mwandishi ameyataja. Kama mwandishi anasema mhusika "alihema alipoivua", hapo kuna msingi.

Katika ushairi mambo yanakuwa matamu zaidi. Mshairi anayebanwa na mizani hutumia inkisari, na mara nyingi kinachodondoshwa ni kiambishi cha nafsi au cha ngeli mwanzoni mwa kitenzi. Chukua kipande hiki cha mizani minane: "Tai kamkaa shingo". Hilo "kamkaa" ni "akamkaa" au ni "ikamkaa"? Kiambishi ambacho kingeamua kimemezwa. Yaani uhuru wa mshairi umefuta alama pekee iliyotenganisha kitambaa na ndege, na sasa wote wawili wamekaa kwenye shingo moja. Mtahiniwa akiulizwa kubainisha inkisari katika mshororo wa namna hii asiishie kuandika "kamkaa badala ya akamkaa, ili kutosheleza mizani". Aongeze kwamba ufupisho huo umezua utata wa maana, na aeleze maana zote mbili zinavyofanya kazi katika ubeti. Hapo atakuwa amehakiki.

Linganisha pia na mavazi yetu mengine ili mwanafunzi aone kwamba Kiswahili hakikosi vazi lenye maana ya kufunga. Mwanamke anayejifunga kibwebwe ameazimia. Kibwebwe ni kitambaa cha kiunoni, lakini nahau imekwisha kuondoka kiunoni na kuwa ya kila mtu, hata mbunge wa kiume huambiwa ajifunge kibwebwe. Anayevishwa kilemba cha ukoka anasifiwa uongo. Kilemba na mkaja pia ni majina ya ada zitolewazo katika shughuli za ndoa. Maneno haya yamekaa muda mrefu katika lugha hadi yakazaa nahau. "Tai" ya shingoni bado ni changa kwa hesabu hiyo. Sijakutana na nahau yake iliyokomaa, na sioni aibu kwa hilo. Nahau hazitungwi na kamati.

Kwa kipindi kimoja cha dakika arubaini, Mwalimu, waweza kulifanya somo hili hivi. Waandikie wanafunzi ubaoni sentensi "Tai zilitua juu ya ukuta wa bunge", bila maelezo yoyote. Wengi watapiga kelele kwamba ni kosa, kwamba ilipaswa kuwa "walitua". Waache wabishane. Kisha wagawe makundi mawili, moja litetee sahihisho hilo, jingine litunge aya itakayoifanya sentensi ibaki vilevile ilivyo na iwe na maana. Kundi la pili litahitaji muda zaidi.